Mahari ya Mrehani

Wifi yangu wa kwanza alikuwa mrehani. Utacheka, na sitakulaumu, maana na mimi nilicheka mpaka Mama akanifukuza jikoni. Baadaye kaka zangu walioa wanawake wa kawaida, wenye miguu na midomo, na nawapenda wote kwa kadiri ya tabia zao. Lakini wa kwanza kuposwa, kutolewa mahari na kupigiwa vigelegele nyumbani kwetu alikuwa mmea uliopandwa kwenye debe la samli.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye foleni za sukari na sabuni za kufichwa chini ya kaunta, na ghafla Kariakoo ikajaa kila kitu: chupa za chai zenye maua, ndoo za plastiki za rangi zote, redio kubwa za kubebwa begani, na mitumba ya Mchikichini iliyotufanya tuvae makoti ya watu wa baridi katika jua la Dar. Baba, ambaye kwa miaka mingi alibangaiza kwa kuuza vijiko na nyembe, alifungua duka la maana la vyombo na mablanketi karibu na Gerezani, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Duka lilipochangamka akatuita, Mama na sisi watoto, tushuke kutoka Kilimanjaro tuje kukaa naye. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta na kuwakasirikia wateja wanaogusagusa bila kununua.

Kuhusu Mama lazima nieleze kidogo, la sivyo hutamwelewa. Kama wake wengi wa Kichaga wa rika lake, aliolewa na mwanamume aliyekuwa mjini, akaachwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, akae na mama mkwe. Baba alikuja Krismasi, akala nyama, akaondoka. Kwao Mama palikuwa ng'ambo ya mto tu. Aliiona migomba ya kwao kila asubuhi, na upepo ukiwa mzuri alisikia kengele ya kanisa lao, lakini kwenda hakuruhusiwa ovyo. Jioni ya kwanza ya ndoa yake mama mkwe alimkuta nyuma ya nyumba anatazama ng'ambo, analia, akamwambia, "Kwenu kumekwisha." Mama alitusimulia hilo mara moja tu, akichambua mchele, na hakulirudia.

Sasa nyumba yenyewe. Ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja, yenye ngazi za mbao zilizolalamika kila mtu akipanda. Sisi tulikaa chini: mbele duka, nyuma vyumba, kisha ua wenye bomba na kamba za kuanikia. Juu alikaa bibi mmoja wa Kihindi, mjane, peke yake. Mwanawe wa pekee alikuwa ameshahamia Ulaya na mkewe. Usidhani bibi huyu alikuwa mgeni wa mtu. Alizaliwa Gerezani hapo hapo, Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu, na mimi nilipomwamkia shikamoo kwa lafudhi ya mlimani aliitikia marahaba huku akinicheka waziwazi.

Mrehani ulikuwa wake. Ulikaa uani, karibu na ngazi, mahali pekee palipopata jua la asubuhi, katika debe lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe na kutobolewa chini ili maji yasituame. Kila alfajiri bibi alishuka na nywele zake zimelowa, amevaa sari nyeupe, ameshika kikombe kidogo cha shaba. Alimwaga maji taratibu, akauzunguka mmea ule, akaugusa na kujigusa paji la uso. Jioni alishuka tena na kitaa cha samli chenye utambi wa pamba. Sisi tulitazama kupitia pazia tukidhani ni mambo ya dawa.

Mama hakudhani kitu. Mama aliona kivumbasi. Kule kwetu jani la aina ile linachomwa ili kufukuza mbu, na mbu wa bonde la Msimbazi walikuwa wamemchosha. Jioni moja akanituma na kisu nikakate tawi. Kabla sijainama vizuri nikasikia sauti kutoka juu.

"Wewe, mwache mtoto wa watu."

Nikageuka kutafuta mtoto. Bibi alishuka ngazi zote kwa magoti yake mabovu, akanipokonya kisu, akamwita Mama, akatusomesha wote wawili pale pale. Mmea ule ni mrehani mtakatifu, wao wanauita tulasi, na si mmea bali ni bibi mwenye heshima zake. Hakatwi kwa kisu. Haguswi jua likishazama, maana amelala. Ukitaka jani unamwomba ruhusa kwanza, na unachuma kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Na Jumapili haguswi wala hapewi maji, kwa sababu siku hiyo anapumzika.

Hapo kwenye Jumapili ndipo Mama alipotekwa. Yeye ni Mlutheri wa kweli, na tangu afike mjini alikuwa akigombana na Baba kuhusu kufungua duka siku ya Bwana. Alinigeukia akasema kwamba Kariakoo nzima inauza na kununua Jumapili, na mwenye adabu aliyebaki ni huyu wa kwenye debe. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena kivumbasi.

Wakawa marafiki, bibi na Mama, kwa njia ya ule mmea. Mama ni mkulima, hawezi kuona udongo uliochoka akanyamaza. Alichungulia debe, akasema huyu dada ana njaa, akatafuta samadi iliyooza vizuri na kuichanganya na mchanga. Wadudu weupe walipoingia chini ya majani akawanyunyizia majivu. Alimfundisha bibi kutopenda sana kumwaga maji, kwa sababu mizizi ya mrehani ikilala kwenye tope inaoza. Bibi naye alimfundisha kuondoa vishada vya maua vikianza kukauka, kwani mmea ukishazaa mbegu zote hujiona umemaliza kazi na kuanza kuzeeka. Magoti ya bibi yalipozidi kuuma, Mama akawa ndiye anayenywesha asubuhi. Nilimsikia kwa masikio yangu, mwanamke aliyekata mikungu ya ndizi maisha yake yote, akisema "samahani dada" kabla ya kuchuma majani ya kutia kwenye chai ya mtoto mwenye kikohozi.

Kisha nyumba ikauzwa. Ndiyo ilikuwa habari ya kila mtaa siku zile: nyumba za zamani zinavunjwa, maghorofa ya maduka yanapanda. Mwenye nyumba alitupa sote muda wa kuhama. Baba alitafuta mahali pengine upande wa Mchikichini, nasi tukaanza kufunga vyombo. Mwanawe bibi alimletea mama yake tiketi ya ndege aende kuishi naye. Bibi aliiacha tiketi ikaisha muda. Mwana akaleta nyingine, akampigia simu mpwa wake bibi aliyekuwa Upanga aje kumbembeleza, na bibi akamjibu mpwa kwamba magoti yanauma.

Mama alijua si magoti. Alipanda juu na chupa ya chai, mimi nikiwa nyuma na vikombe, akamuuliza kinachomzuia. Bibi akaonyesha uani kwa kidevu.

"Nilimpokea kutoka kwa mama mkwe wangu siku nilipoolewa," alisema. "Akizeeka nampanda tena kwa mbegu zake, lakini ni yeye yule. Sikujaliwa binti mwingine. Kwenye ndege hawamtaki, na nikimwacha atakufa kwa kiu, matofali yatamwangukia juu. Niende vipi?"

Mama akauliza kama hakuna wa dini yake wa kumchukua. Bibi akasema ndugu wa karibu wameshahama wote, na mashoga zake wa hekaluni kila mmoja ana tulasi wake mlangoni. Huyu wa kwake atapokewa, ndiyo, lakini atawekwa nyuma ya jiko kama mtoto wa kufikia. Kisha akatueleza jambo lililomuuma zaidi. Kila mwaka baada ya Diwali, tulasi anaozwa. Anavalishwa nguo nyekundu na bangili, anajengewa kibanda cha miwa, na bwana harusi ni sanamu ya Mungu wao anayeletwa kutoka nyumba nyingine, kwa sababu harusi lazima iwe na pande mbili. Kwa miaka yote upande wa bwana harusi ulikuwa wifi yake wa Kisutu. Wifi ameshahama nchi. Mwaka huu upande wa pili haupo, kwa hiyo na harusi haipo, naye ataondoka bila hata kumwoza mara ya mwisho.

Mama akanyamaza. Anayemjua Mama anajua kwamba akigomba hakuna neno, akinyamaza ujihadhari. Usiku ule ule, mezani, akamtangazia Baba kwamba anataka kwenda kuposa.

Baba akauliza anamposea nani, maana kaka zangu wote walikuwa wadogo kwangu, bado wanavaa kaptura. Mama akaeleza. Hapo ndipo nilipocheka, na hapo ndipo nilipofukuzwa, kwa hiyo mengine niliyasikia nyuma ya mlango. Hoja yake ilikuwa hivi: ukimwachia mtu mmea wako, umeutupa. Ukimwoza, hujamtupa. Ni mke wa watu, ana nyumba, ana wakwe, na mama yake anaweza kulala usingizi. Baba akasema sisi ni Wakristo, hiyo sanamu tutaiweka wapi. Mama akamjibu kwamba hatamwabudu, atampa chumba tu, na kama Baba ana shida na wageni aseme.

Tukaenda kuposa. Mama alivaa kitenge chake cha Krismasi, Baba akavaa koti la mtumba lililomfikia magotini, mimi nikabeba sukari na kreti ya soda, kwa sababu pombe ya mbege haiingii nyumba ile na bila kinywaji posa si posa. Mama alipiga magoti kidogo mlangoni, akasema tumeona ua zuri uani kwenu, tunaomba kulihamisha. Bibi kwanza alidhani tunamdhihaki. Alimtazama Mama, akamtazama Baba aliyekuwa akitokwa jasho ndani ya koti, kisha akafunika mdomo kwa pindo la sari, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani na yeye hakujua.

Alipotulia alianza kuwa mkali kama mama yeyote wa bibi harusi. Bwana harusi, kisanamu chake mwenyewe cha shaba kisichozidi urefu wa kidole, angekaa kwetu kabla ya harusi ili atoke kwetu, na muda wote atakaokuwa ndani nyama isipikwe. Baba alikohoa. Mama akakubali kwa niaba yake. Kisha bibi akainamisha kichwa, akasema kuna kasoro moja na asingependa kutuficha: mume itabidi aondoke naye Ulaya, kwa sababu yeye bibi hawezi kuishi bila kumwomba Mungu wake huyo kila siku. Mke atabaki huku. Kama tunaona ni aibu, tuseme mapema.

Mama alicheka mpaka akajipangusa macho.

"Mama, hiyo si kasoro," alisema. "Ndivyo tunavyoolewa sisi. Mume anakwenda kutafuta, mke anakaa na mama mkwe. Krismasi atarudi."

Mahari ilileta mvutano. Mama alitoa blanketi, kwa kuwa mama wa binti wa Kichaga lazima afunikwe, akatoa jembe na sufuria. Bibi alipokea blanketi zito la sufu katikati ya joto la Kariakoo, akashukuru kwa adabu, na nina hakika alijiuliza tuna akili gani. Lakini Mama alipotaja mbuzi bibi alinyanyua mkono. Mama akasema bila mbuzi binti wa watu ataonekana amechukuliwa bure. Bibi akasema damu haimwagiki uani kwake. Wakavutana mpaka soda zikapata moto, na mwisho wakakubaliana kwamba mbuzi atakuja akiwa hai, atasalimia wakwe, na atatoka akiwa hai. Yatakayompata mlangoni kwetu siku nyingine, bibi hataki kujua. Baba akachangamka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Kwetu harusi bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, haijakamilika, na nilimwona machoni kwamba ameshaichagua sehemu yake.

Siku zile bwana harusi alizokaa kwetu, juu ya kabati la vyombo, zilikuwa ngumu kwa Baba. Tulikula kunde, maharage, mchicha, kisha kunde tena. Asubuhi ya harusi alifika na mbuzi dume mweupe kutoka mnadani Pugu, mwenye ndevu na macho ya dharau, akamfunga bombani. Sisi wanawake tulikuwa tumeshampamba bibi harusi. Mama alikuwa amemfuta vumbi jani moja moja. Alivalishwa kipande cha sari nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, sari ile ile bibi aliyoolewa nayo, na bangili za kioo zikaninginizwa kwenye matawi. Alikuwa amenawiri, mrefu kunifikia kiunoni, ananukia uani kote. Nasema kweli, nilikuwa nimeacha kucheka siku nyingi.

Kisha tukapanda juu kumsaidia bibi kukaanga vitafunio, tukamwachia Baba ulinzi. Mbuzi akalia. Baba, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alimhurumia kiumbe anayekaribia mwisho wake, akailegeza kamba ili apate kivuli.

Tuliposhuka na sinia, mbuzi alikuwa amejifunika sari. Pindo la dhahabu lilimning'inia pembeni ya sikio, bangili moja ilikuwa kwenye pembe, na taya zilikuwa zinakwenda taratibu, bila wasiwasi. Kwenye debe palibaki vijiti.

Bibi aliketi kwenye ngazi, pale pale alipokuwa, akatazama. Tiketi yake ilikuwa ya wiki hiyo hiyo. Nilimwona Mama akigeuka rangi, na nilijua anachofikiri: mbuzi ni wake, yeye ndiye aliyemng'ang'ania, na sasa bibi ataondoka akiwa amemwona binti yake akiliwa mbele ya macho yake, au hataondoka kabisa. Kule kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, na akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Kariakoo isale hakuna. Mama alikwenda na mikono mitupu, akapiga magoti chini ya ngazi, akashindwa kusema. Niliogopa sana, nasema wazi, kwa sababu sikuwahi kumwona Mama akikosa neno.

Bibi akanyanyuka kwa kushika ukuta. Alimpita Mama, akampita Baba na kamba yake, akaenda kuinama kwenye debe. Alipapasa vijiti kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kuanzia juu hadi kwenye udongo, akasogeza uso karibu. Kisha akamwita Mama aje aone. Mbuzi alikuwa amekula kila kilicho laini, lakini shina gumu lilikuwa zima, na pale kila jani lilipokuwa limeota palikuwa na kidoti cha kijani, kidogo kuliko punje ya ulezi. Chini kabisa, nyuma ya ukingo wa debe, majani mawili yalikuwa yamesalimika.

"Bibi harusi yupo," alisema bibi. "Kilicholiwa ni nguo."

Mama akaanza kulia, na bibi akamwambia aache, wageni wanakuja. Kisha akamgeukia mbuzi. Alimwangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia vijiti, akatoa uamuzi ambao Baba hakuupona. Mnyama aliyemeza tulasi nzima siku ya harusi yake amebeba kitu kitakatifu tumboni, kwa hiyo haiwezekani kumchinja, si leo, si Krismasi, si kwa mkono wa yeyote aliye ukweni. Baba alifungua mdomo. Mama, akiwa bado amepiga magoti, akamwangalia. Baba akaufunga.

Jioni tulimwoza. Miwa tuliinunua sokoni na kuisimamisha pembe nne za debe, mbuzi akiwa amefungwa uchochoroni kwa fundo la kweli. Mashoga wa bibi wa hekaluni walikuja, wakaona vijiti, wakatazamana, lakini bibi aliwakazia macho wakaimba. Kwenye majani mawili alifunga uzi mwekundu. Mimi ndiye niliyembeba bwana harusi kutoka kabatini, kwenye sahani ya shaba yenye mchele, na Mama akapiga vigelegele vya kwao mpaka wauza vipuri wa jirani wakaja kuchungulia kuna nini. Wakaambiwa ni harusi, wakapewa vitafunio, wakala bila kuuliza zaidi. Baba alikula vitafunio vingi kuliko wote.

Siku bibi alipoondoka mpwa wake alikuja na gari. Mume alikuwa kwenye pochi, amefungwa kwenye leso. Blanketi lilikuwa begani, kwa kuwa halikuingia sandukuni, na jasho lilimtoka. Alimrudia Mama maagizo yote, maji asubuhi, maua makavu yaondolewe, Jumapili apumzike, ingawa Mama alikuwa akiyafuata siku zote. Waliitana mkwe. Debe hakulitazama wakati wa kutoka, na gari likakata kona.

Tulihamia upande wa Mchikichini na debe likapanda mkokoteni juu kabisa, juu ya magodoro, Mama akitembea kando yake na kulishikilia. Mbuzi alifuata nyuma kwa miguu yake. Huko alikuja kuwa maarufu, akila maboksi ya wafanyabiashara na kujikuna kwenye milango ya watu, na Baba akimtazama kila Krismasi kwa huzuni ya mtu aliyefiwa. Alikufa kwa uzee. Aliyelia ni Baba.

Mvua za vuli za mwaka ule ule wa harusi zikanyesha, na vidoti vya kijani vikafunguka. Mrehani ulichipua pande zote kwa pamoja, mnene kuliko zamani, kwa kuwa mbuzi alikuwa ameupogoa kuliko mkulima yeyote angethubutu. Mama aliweka debe mlango wa nyuma wa duka. Jioni aliwasha kitaa. Nilimuuliza kama sasa anaabudu, akanijibu kwa ukali kwamba mke wa mtu hakai gizani nyumbani kwa wakwe zake, na kama sina kazi nikafute sufuria.

Duka lilipata simu baadaye, ile ya waya, na mpwa wa bibi akapeleka namba Ulaya. Iliita mchana mmoja duka likiwa limejaa. Nilipokea mimi, nikamsikia bibi akinicheka lafudhi kabla sijamaliza shikamoo. Alizungumza na Mama. Alisema huko kuna baridi ambayo hakuijua, na kwamba lile blanketi la mahari sasa ndilo analolala nalo, akamwomba Mama msamaha kwa kulicheka moyoni. Kisha akauliza kama binti yake ni mzima.

Mama alishika simu nzima, akavuta waya, akanisukuma mimi, akawasukuma wateja wawili, akafika mlango wa nyuma waya ukiwa umekazika kama kamba ya nguo. Akainama, akaweka mkono wa simu katikati ya majani, na yeye mwenyewe akasogea kando akageuza uso, jinsi unavyompisha mtu anayeongea na mama yake. Tulisikia sauti nyembamba ya bibi ikisema maneno ya Kigujarati, muda mrefu, ikinyamaza, ikisema tena. Wateja walisubiri. Hata mimi sikuwaharakisha.

Simu ilipokatika Mama hakuinuka mara moja. Aliondoa kishada kimoja cha maua makavu kwa ncha za vidole, akaomba samahani, akayashikashika majani.

"Umesikia, mwanangu," alisema. "Kwenu hakujaisha."